MRI kwa Mgonjwa wa Hamugembe: Nani Aende, Nani Abaki

Daktari wa Bukoba anapoandika MRI kwenye barua ya rufaa, ameandika pia nauli, mahali pa kulala, ndugu wa kumsindikiza mgonjwa na siku kadhaa za kibanja kukaa bila mwenyewe. Mkazi wa Hamugembe hayuko mbali na tiba kwa kipimo cha kawaida: kata yake imo ndani ya Manispaa, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa anaifikia kwa bodaboda. Lakini kwa miaka mingi herufi hizo tatu zimekuwa na maana ya Hospitali ya Bugando, Mwanza. Huko kunafikika kwa meli, usiku kucha ziwani, au kwa gari, kupitia Muleba, Chato na Geita, mwendo wa kilomita 400 hivi. Tangu Juni 2025 gari halisubiri tena kivuko pale Busisi, maana daraja la kilomita 3 limemaliza foleni ile. Daraja limepunguza saa. Nauli iko palepale. Na kipimo kikikwama Mwanza kwa sababu yoyote, kinachofuata ni Dar es Salaam.

Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Kagera kuwa karibu milioni 3. Anayeuliza MRI yao inakuja lini hana kosa lolote. Ila naona swali hilo limeruka jingine ambalo lilipaswa kutangulia: kati ya wote wanaoandikiwa kipimo hiki, ni nani ambaye hakuna kitu kingine kinachoweza kumsaidia? Nikiwatazama wagonjwa wa kanda hii kwa magonjwa wanayougua, naona kundi hilo ni dogo, na ndilo linaloumizwa zaidi na msururu wa waliotumwa bila sababu nzito. Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima kwanza tujue mashine yenyewe inaona nini.

Mwili wa binadamu umejaa maji na mafuta, na ndani ya maji na mafuta imejaa haidrojeni. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja, nayo hutenda kama kisumaku kidogo mno. Mgonjwa akilazwa ndani ya sumaku kubwa, sehemu ndogo sana ya protoni hizo huelemea upande mmoja zaidi ya mwingine. Mashine hutuma mawimbi ya redio ya masafa yanayolingana na nguvu ya sumaku. Kwa sumaku ya tesla 1.5, ambayo ndiyo ya kawaida hospitalini, ni takriban megahezi 64, chini kidogo tu ya masafa ya redio za FM tunazosikiliza. Protoni zinatikisika. Mawimbi yakikatwa, zinarejea zilikokuwa, na katika kurejea hutoa ishara hafifu inayonaswa na koili zilizomzunguka mgonjwa. Maji ya kwenye uvimbe, mafuta ya chini ya ngozi na nyama ya ubongo havirejei kwa mwendo mmoja. Tofauti hiyo ya mwendo, ikipigiwa hesabu na kompyuta, ndiyo inayogeuka weusi na weupe kwenye picha.

Kwa hiyo MRI haina mionzi ya aina ya eksirei, ingawa vijiweni bado husemwa kwamba fulani "kapigwa mionzi ya MRI". Ubora wake uko kwenye sehemu laini: ubongo, ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo, diski, misuli, kano za goti, shingo ya kizazi, tezi dume. Mfupa mgumu wenyewe, ambao una maji machache, hutokea mweusi tu. Aliyevunjika mkono hana la kufanya ndani ya sumaku hiyo.

Historia yake nitaigusa kwa haraka, isipokuwa sehemu moja itakayotufaa mbeleni. Paul Lauterbur alichapisha njia ya kupata picha kwa sumaku mwaka 1973. Peter Mansfield wa Nottingham akaikuza. Raymond Damadian akampima mtu mzima kwa mara ya kwanza Julai 1977. Nobeli ya 2003 ilikwenda kwa wawili wa kwanza, na Damadian alikasirika hadi akalipia kurasa nzima za magazeti kulalamika. Lakini picha ya kwanza iliyomsaidia daktari kutambua ugonjwa wa mgonjwa halisi ilitoka Aberdeen, kaskazini mwa Uskoti, tarehe 28 Agosti 1980. Timu ya John Mallard ilimpima mgonjwa aliyetoka Fraserburgh, mji wa wavuvi, ikaona uvimbe kifuani, ini lililokwisha kuingiliwa na mfupa ulioathirika. Mashine ile waliiunda wenyewe chuoni, mkoani, mbali na London. Nguvu ya sumaku yake ilikuwa tesla 0.04, chini ya sehemu moja ya thelathini ya zile tunazoziota leo.

Sasa turudi kwa wagonjwa. Nianze na mgongo, kwa sababu hapo ndipo MRI haina mbadala, na hapo hapo ndipo inapotumika ovyo kuliko popote.

Chukua kijana aliyeanguka na bodaboda, au aliyeporomoka kutoka juu ya mparachichi akichuma, naye hasikii miguu yake. Eksirei itaonyesha pingili iliyovunjika. CT, ambayo ni eksirei inayopiga picha kutoka pande zote, itaonyesha vipande vya mfupa vilivyoingia kwenye mfereji wa mgongo, na kwa uwazi zaidi. Ugwe wenyewe, kama umekatika, umevimba au umebanwa na damu inayoweza kuondolewa, unaonekana vizuri kwenye MRI tu. Chukua pia mama mwenye kifua kikuu cha mgongo. Kwenye eksirei ugonjwa huu hujitokeza mfupa ukiwa umekwisha kuliwa. MRI huonyesha usaha na uvimbe kabla pingili haijaporomoka na kuacha nundu. Na yuko mzee mwenye saratani ya tezi dume iliyofika mgongoni, ambaye wiki iliyopita alitembea mwenyewe na leo anaburuza mguu. Kwa watu hawa saa zina thamani kuliko shilingi. Kanuni inayojulikana na madaktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu ni kwamba aliyetibiwa akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kabisa kwa siku kadhaa, mara nyingi miguu yake hairudi.

Kagera ina kumbukumbu yake ya majeraha ya namna hii. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu 17 na kujeruhi mamia, nyumba zikaporomoka Bukoba mjini, Hamugembe ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Ukuta wa tofali ukimwangukia mtu huvunja mbavu, nyonga na pingili. Siku kama hiyo ndipo mtu anapoelewa kwamba kupima ni sehemu moja tu ya mlolongo: kuna kumwinua majeruhi bila kumpinda, kumlaza kwenye ubao, kujua ni nani apelekwe mbele na nani anaweza kusubiri. MRI iliyoko hospitali ya pili haimwokoi aliyebebwa kwenye kitanda cha kamba huku shingo ikining'inia.

Upande wa pili wa mgongo ni maumivu ya kiuno, na hawa ndio wengi. Mkulima aliyeinama kwenye migomba na mibuni miaka 30 anaumwa kiuno. Mpiga debe anaumwa kiuno, karani anayekaa kutwa anaumwa kiuno, mwalimu naye hajambo ila kiuno. Wengi wao hupona au kupata nafuu ndani ya wiki chache kwa dawa za maumivu, mazoezi na kuendelea na shughuli kwa kiasi. Wakipigwa MRI hutokea jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi: picha karibu kila mara hukuta kitu. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapima viuno watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Ni asilimia 36 tu waliokuwa na diski za kawaida katika pingili zote zilizoangaliwa. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyotuna angalau mahali pamoja. Hao ni watu wazima wasiolalamika.

Hebu fikiria basi mtu aliyeuza mbuzi ili afike Mwanza. Anarudi na bahasha na ripoti ya Kiingereza isemayo diski kati ya pingili ya nne na ya tano imetuna. Kuanzia hapo yeye ni mgonjwa wa diski. Ataacha jembe, atavaa mkanda, atauziwa dawa za kienyeji za kurudisha diski, na huenda akashauriwa upasuaji asiouhitaji. Picha ilisema kweli, lakini ilijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Daktari anayejua kazi yake hutafuta kwanza dalili za hatari: mguu unaolegea, ganzi sehemu za siri, mkojo unaokwama au kuponyoka, homa, kukonda, historia ya saratani, ajali. Kukiwa na moja kati ya hizo, aandike MRI na aandike HARAKA kwa herufi kubwa. Kukiwa hakuna, namtetea daktari anayemwambia mgonjwa usoni kwamba hahitaji picha, ingawa mgonjwa ataondoka akisema daktari yule hajui kitu.

Kichwani hesabu inabadilika. Kagera ndiko walikotangazwa wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI Tanzania, mwaka 1983, na tangu hapo madaktari wa mkoa huu wamekutana na maumivu ya kichwa ya kila aina. Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, kichwa kinaweza kuuma kwa sababu ya fangasi wa kriptokoka, kifua kikuu cha utando wa ubongo, toksoplasma au uvimbe. MRI huona madoa madogo ya toksoplasma ambayo CT huyapita. Hata hivyo fangasi wa kriptokoka hugunduliwa kwa kijiti cha kipimo na tone la damu au maji ya mgongo, jibu likatoka ndani ya dakika 10. Toksoplasma mara nyingi hutibiwa kwa dawa ya kotrimoksazoli, mgonjwa akaangaliwa kwa wiki mbili hivi: akipata nafuu, ndio uthibitisho wenyewe. Picha inakuja baadaye, kwa yule asiyepata nafuu. Sindano ya kutoa maji ya mgongo, ambayo ndugu wengi wa wagonjwa huikataa kwa kuamini inaua au inapoozesha, huokoa watu wengi zaidi mkoani humu kuliko sumaku yoyote inavyoweza kuwaokoa. Hofu hiyo ingepunguzwa kwa mazungumzo wodini, bila kununua mashine.

Kwa kiharusi, MRI ni hodari: huonyesha sehemu ya ubongo iliyokosa damu mapema, wakati CT bado inaonekana safi. Lakini uamuzi wa kwanza kwa mgonjwa wa kiharusi ni kujua kama mshipa umepasuka au umeziba, na hilo CT inalijibu kwa dakika chache. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Hakuna gari linalotoka Bukoba likafika Bugando, mgonjwa akapimwa na kuchomwa dawa kwa saa hizo. Anayemsafirisha mgonjwa wa kiharusi umbali wote huo kwa ajili ya MRI peke yake anampa uchovu. Mpango wa serikali wa mwaka 2021, uliotumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, ulipeleka mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na MRI chache kwa hospitali kubwa. Wapo walionung'unika kwamba mikoa imepewa makombo. Mimi naona mgawo ule ulikuwa sahihi. CT inayofanya kazi usiku wa manane Bukoba ina faida kwa aliyepasuka kichwa kuliko MRI ya saa za kazi.

Kuhusu watoto wenye seli mundu, ambao Kanda ya Ziwa ina wengi, nitasema machache. MRI inaweza kuona viharusi vidogo vya kimyakimya ndani ya ubongo wao. Ultrasaundi ya mishipa ya kichwa humwonyesha mtoto aliye hatarini kabla kiharusi hakijampiga, na vidonge vya haidroksiurea hupunguza hatari hiyo. Kati ya kuona jeraha na kulizuia, mzazi hana la kuchagua.

Saratani ya shingo ya kizazi ni mfano mwingine, wenye mafunzo tofauti. Kuigundua kunahitaji macho, kifaa cha kufungulia uke, siki au kipimo cha virusi, na kipande cha nyama cha kupeleka maabara. Hayo yote yanawezekana Muleba. MRI inaingia baadaye, kuonyesha saratani imetambaa hadi wapi, ili ijulikane kama mama ni wa kisu au wa mionzi. Kwa kuwa mionzi yenyewe iko Bugando au hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hakuna sababu ya kupima mahali pengine na kutibu mahali pengine. Kipimo kikae karibu na tiba inayokitegemea. Kanuni hii ingefuatwa, barua nyingi za rufaa zingekuwa fupi na safari zingekuwa moja badala ya tatu.

Kuna mahali MRI iliwahi kufanya kazi ya aina nyingine kabisa, na ni hapa hapa Afrika. Kwa miaka mingi haikujulikana ni kwa nini hasa mtoto mwenye malaria ya kichwani anakufa huku vimelea vinapungua kwenye damu. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, daktari Terrie Taylor na wenzake walipata mashine ya tesla 0.35, dhaifu kwa viwango vya Ulaya. Wakawapima watoto 168. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: kati ya watoto 25 waliofariki, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya, kati ya 143 waliopona, waliokuwa na uvimbe huo walikuwa 39. Ubongo uliovimba hushuka na kukandamiza sehemu inayoendesha pumzi, mtoto akaacha kupumua huku moyo bado unapiga. Ni ugunduzi mkubwa, na ulifungua milango ya kutafuta namna ya kumsaidia mtoto apumue hadi uvimbe upungue.

Miaka ile ile, Wilaya ya Muleba ilikuwa uwanja wa utafiti wa aina tofauti. Mbu walikuwa wamezoea dawa ya vyandarua. Watafiti waligawa katika vijiji vyandarua vilivyoongezewa kemikali inayovunja kinga ya mbu, wakalinganisha na vya kawaida, na maambukizi kwa watoto yakapungua kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo kwa kuutegemea ushahidi wa Muleba. Siwekei Blantyre na Muleba mashindano. Lakini mpanga bajeti wa afya wa mkoa akiwa na kikapu kimoja, ajue kwamba mashine ya Malawi ilieleza mtoto anavyokufa, na chandarua cha Muleba kilimzuia asifike kwenye mashine.

Tuitazame sasa mashine yenyewe kama mali ya kutunzwa. Sumaku ya tesla 1.5 ni koili za waya usio na ukinzani wa umeme, mradi tu uwe baridi kupindukia: nyuzi 269 chini ya sifuri. Ubaridi huo huletwa na heliamu ya kimiminika, lita zipatazo 1,500 hadi 2,000 kwa mashine nyingi zilizopo. Kipoozeo chake hufanya kazi usiku na mchana, awepo mgonjwa asiwepo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, heliamu huchemka na kupaa. Kujaza upya ni gharama inayomkosesha mkurugenzi usingizi, na gesi hiyo huagizwa nje, ijapokuwa mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Ziwa Rukwa lina hazina kubwa ya heliamu. Siku itakapofika hospitalini kutoka Rukwa nitafurahi. Kwa sasa iko ardhini. Zipo sumaku mpya zilizofungwa kabisa zinazotumia lita 7 tu, na mkoa ukinunua mashine kesho, ningeomba mtu wa manunuzi aulize habari hizo kabla ya kuuliza rangi.

Umeme wa Kagera ni hadithi nyingine. Kwa muda mrefu Bukoba na Muleba zimewashwa taa na umeme unaotoka Uganda, kabla ya mipango ya kuuunganisha mkoa na gridi ya taifa na mradi wa umeme wa Rusumo. Jenereta ni lazima, mafuta ya jenereta ni lazima, na fundi anayejua mashine hiyo awe na namba inayopokelewa.

Tulikwisha kuona kinachotokea yasipokuwepo hayo, tena kwenye hospitali ya taifa. Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za MRI na CT hazifanyi kazi. Bodi ilivunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa, mashine zikaamriwa zitengenezwe mara moja. Watu walishangilia, nami siwalaumu. Lakini hasira ya rais haiwi mkataba wa matengenezo. Mashine ya mabilioni ya shilingi inahitaji fungu la kila mwaka la vipuri na mafundi, fungu ambalo halikatwi utepe wala kuzinduliwa na mtu yeyote, na ndiyo sababu husahaulika.

Halafu kuna usalama, ambao kwenye mji wa mafundi si jambo la pembeni. Sumaku haizimwi mlango ukifungwa. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, mtungi wa oksijeni ulivutwa na sumaku ukamuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya mashine. Fundi wa kuchomelea anaweza kuwa na chembe ya chuma jichoni bila kujua. Ikisogea, jicho limekwenda. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, klipu ya chuma kichwani au risasi mwilini aseme kabla. Pia hirizi yenye bati, wembe mfukoni, pini kwenye nywele. Mhudumu wa mapokezi asiyeuliza hayo kwa lugha ambayo bibi kutoka Kamachumu anaielewa hajafanya kazi yake.

Ila upungufu mkubwa kuliko yote hauko kwenye chuma. Uko kwa msomaji wa picha. Uchunguzi mmoja wa MRI hutoa mamia ya picha, nazo hazijisomi. Daktari bingwa wa radiolojia husomea miaka mingi, na nchini mwetu wengi wao wako miji mikubwa. Tofauti na sumaku, picha husafiri bila nauli: ikichukuliwa Bukoba asubuhi inaweza kusomwa Mwanza au Dar es Salaam mchana huo huo, mradi intaneti ipo na kuna mtu aliyelipwa kuisoma. Na msomaji husoma vizuri akiambiwa anatafuta nini. Barua isemayo "MRI ya kiuno, tafadhali" humpa kazi ya kubahatisha. Isemayo kwamba mguu wa kulia umelegea tangu Jumatatu, mkojo unakwama, na mgonjwa aliwahi kutibiwa kifua kikuu, imekwisha kumwonyesha pa kutazama. Kujaza barua hivyo hakugharimu kitu. Bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, itakapoanza kulipia vipimo hivi kwa watu wengi zaidi, naiona ikilipa fedha nyingi kwa barua za aina ya kwanza endapo haitakuwa kali.

Uhaba huu si wa Kagera peke yake. Japani ina zaidi ya mashine 50 kwa kila watu milioni. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2018 ilikuta Afrika Magharibi yote, yenye watu zaidi ya milioni 370, ina mashine 84, nyingi zikiwa Nigeria. Kuifukuzia Japani kwa kununua sumaku kubwa moja moja ni mbio ambazo hatutazimaliza. Ndiyo maana nimeweka akiba habari ya Aberdeen na tesla zake 0.04.

Pima ramani kwa rula: kutoka Bukoba, Mbarara ya Uganda iko karibu kuliko Mwanza. Mwaka 2022, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Johnes Obungoloch na wenzake, wakisaidiana na wahandisi wa Leiden na Delft wa Uholanzi na wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, waliunganisha MRI kutoka vipande vilivyosafirishwa kwa masanduku. Iliwachukua siku 11. Sumaku yake ni maelfu ya visumaku vidogo vilivyopangwa kwa pete, nguvu yake tesla 0.05, uzito wake ni wa kubebwa na watu wachache. Haihitaji heliamu. Haihitaji chumba cha mamilioni. Ikiharibika, walioiunda wapo chuoni.

Walikuwa na ugonjwa mmoja mawazoni: watoto wenye vichwa vikubwa, ambao maji hujaa ndani ya ubongo, mara nyingi baada ya maambukizi ya siku za mwanzo za uhai. Mashariki mwa Uganda, Mbale, hospitali ya CURE imewatibu maelfu yao kwa njia iliyokuzwa na daktari Benjamin Warf, ya kufungua tundu dogo ili maji yapite bila kumwekea mtoto mrija. Ili kupanga upasuaji huo daktari anahitaji kujua maji yako wapi na ubongo uliobaki ni kiasi gani. Hahitaji kuona kila mkunjo. Utafiti uliotumia picha za watoto wa Mbale, zikapunguzwa ubora makusudi, uliwakuta madaktari bado wanaweza kupanga tiba kwa picha hafifu. Hapo pana swali moja, picha inayolitosheleza, na tiba inayosubiri. Mtoto wa namna hiyo wa Hamugembe leo ataanza na ultrasaundi kupitia utosi, kama utosi haujafunga, kisha safari.

Sisemi mashine ya Mbarara iletwe Bukoba mwezi ujao. Ni chombo cha utafiti, picha zake bado zina ukungu, na kila matumizi mapya yanahitaji kuthibitishwa kwa wagonjwa. Lakini ningeona fedheha kama mkoa unaopakana na Uganda, ulionunua umeme huko kwa miaka mingi kupitia Mutukula, utapata habari za sumaku hii kutoka Ulaya. Mhandisi wa vifaa tiba mmoja wa Bukoba akipelekwa Mbarara kwa miezi michache angerudi na ujuzi ambao hauuzwi pamoja na mashine kubwa.

Sumaku hiyo ndogo, lakini, imeundwa kwa kichwa cha mtoto. Mgongo wa kijana wa bodaboda hauingii humo. Yeye bado ni wa Mwanza, na zaidi ya wote niliowataja ndiye asiyestahili kukuta mbele yake foleni ya viuno vya kawaida. Anachohitaji Bukoba usiku huo ni CT iliyo wazi, ubao mgumu, mikono minne inayojua kumgeuza kwa pamoja, na mtu wa Bugando aliyepokea simu na kumwekea nafasi kwenye mashine kabla gari halijavuka Muleba.